Elfu na Mia Tano za LUKU: Mtoto Aelezweje Kodi na Siasa

Mtoto wa darasa la tatu akishajua kusoma, simu ya mama haina siri tena. Ujumbe wa LUKU unaingia, anausoma kwa sauti, kisha anauliza: "Mama, si umenunua umeme wa elfu kumi? Mbona hapa wameandika elfu sita na kitu?" Iwe Sakina, Kijenge au Usa River, huku kwetu Arusha swali hilo huja mwanzoni mwa mwezi, na jibu la haraka huwa moja: "Serikali imekata." Si uongo. Ila mtoto anabaki akimfikiria mtu asiyeonekana anayeingiza mkono kwenye pochi ya mama yake. Mzazi mwenye dakika kumi na kalamu anaweza kumpa jibu lililoshiba kuliko hilo, tena bila kutoka nje ya ujumbe ule ule.

Aanze na shilingi 1,500. Hiyo ni kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa Julai 2023. Elfu kumi imeshakuwa 8,500. Ndani ya 8,500 hizo mna kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT, asilimia 18 juu ya bei ya umeme. Mna asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Hesabu ikipigwa, umeme wenyewe unabaki wa shilingi 6,970 hivi. VAT imechukua kama 1,254, REA 209, EWURA 70. Mtoto apewe kalamu ajumlishe mwenyewe. Watoto hupenda kugundua kwamba hesabu za wakubwa zinakubali.

Kisha kila mstari utafutiwe mahali pake. REA ndiyo rahisi kuliko yote: zile shilingi mia mbili na kitu zinaingia kwenye mfuko wa kupeleka nguzo na nyaya vijijini. Mtoto anayekwenda kumsalimia bibi huko juu mlimani, Akeri au Nkoaranga, aoneshwe nguzo zenyewe. Kodi ya jengo ina mtego wake, hasa kwa familia za kupanga. Mtoto wa nyumba ya kupanga anajua kodi moja tu, ile anayopelekewa mwenye nyumba, na atadhani hizi 1,500 nazo zinakwenda kwake. Mzazi azitenganishe mapema. Amweleze pia kwamba mdaiwa wa kodi ya jengo ni mwenye nyumba hata kama aliyenunua umeme ni mpangaji, na asishangae mtoto akiuliza kwa nini basi wasimdai yeye. Swali hilo wapangaji wengi walishauliza kabla yake.

Somo la pili liko dukani. Bidhaa yenye VAT inayouzwa shilingi 5,900 ina bei ya 5,000 na kodi ya 900, na risiti ya mashine ya EFD huonesha hivyo. Mtoto apewe kazi ya kuidai. Kauli ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" ameshaisikia redioni; sasa ataona inavyomkaba muuzaji anayejifanya mashine ni mbovu. Hapo mzazi awe tayari kwa jambo la pili: mama muuza ndizi wa soko la Tengeru hatoi risiti ya namna hiyo, na hana kosa. Mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT, na kwa vyovyote biashara inatakiwa kusajiliwa kwenye kodi hiyo pale mauzo yake yanapofika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mkungu wa ndizi hauna VAT, soda ya kushushia ina VAT. Kwa nini? Kwa sababu kuna watu walikaa wakaamua kwamba chakula cha shambani kisiguswe na soda iguswe. Mtoto akiuliza ni akina nani hao, mzazi ameshavuka kutoka kwenye kodi kuingia kwenye siasa, tena bila kutaja chama chochote.

Wazazi wengi wakitaka kurahisisha hukimbilia mchango wa harusi: "Kodi ni kama mchango, kila mtu anatoa kidogo." Mfano huo haufai. Mchango wa harusi unaweza kuukwepa, ukaishia kununiwa na kamati. Kodi haikwepeki hivyo, na mtoto mwerevu atauliza papo hapo, "Kwa hiyo mama, tunaweza kukataa?" Afadhali mandazi. Asubuhi ya Jumamosi, kila mtoto aliyepewa mandazi matano aweke moja kwenye sahani ya katikati. Halafu mzazi anyamaze. Kosa linalofanywa na akina baba wengi ni kulichukua andazi lile wakalila wao huku wakicheka, "hiyo ndiyo kodi!" Mtoto hapo amefundishwa wizi. Sahani iachwe, na watoto waulizwe: haya ni ya nani? Mmoja atasema apewe mgeni, mwingine atasema apewe mdogo wao ambaye hakupata, wa tatu atataka warudishiwe wote. Watabishana. Mkubwa atataka kuamua peke yake kwa kuwa ni mkubwa. Mzazi asiwaamulie upesi. Ubishi huo ndio somo, na kifungua kinywa kikichelewa kidogo hakuna atakayeumia.

Ubishi kama huo umeandikwa hata kwenye sheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jiji la Arusha limo, Halmashauri ya Meru imo. Mtoto anayejua kujumlisha ataona nne na nne na mbili zinatimia kumi. Aulizwe yeye angegawaje. Mbona wazee hawana fungu? Mbona wanaume waliovuka ujana hawapo? Serikali yenyewe ilisitisha mikopo hiyo mwaka 2023 ili kutengeneza utaratibu mpya, kisha ikairejesha, kwa hiyo mtoto anayetaka kuibadilisha hesabu hiyo hafanyi utundu.

Fedha zikishakusanywa, mtoto anataka kuona zilikokwenda, na hapa mji wa Arusha una mifano ya kila ukubwa. Mdogo kabisa ni yeye mwenyewe. Kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma serikali imeweka fungu la uendeshaji la shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwa wa sekondari ni 25,000. Shule yenye watoto 800 ina milioni nane. Aulizwe chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa madawati vinatosha humo? Atajua kwa nini, ingawa tangu Januari 2016 sekondari hadi kidato cha nne haina ada, bado mama anaombwa hela ya uji na ya mlinzi. Mzazi asifiche malalamiko yake, ila ayaweke kwenye tarakimu. "Elimu bure ni uongo" hakumfundishi mtoto kitu. "Ada imeondolewa, elfu kumi haitoshi, ndiyo maana wazazi tulikaa kikao tukakubaliana uji" kuna mambo matatu ndani yake, na yote ni ya kweli.

Mfano mkubwa zaidi ni maji. Mradi wa maji wa jiji uligharimu shilingi bilioni 520, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mtoto aelewe hapa kwamba serikali nayo hukopa, na kwamba mkopo huo utalipwa kwa kodi, nyingine zikitoka kwake akishaanza kazi. Uwanja wa mpira unaojengwa kata ya Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, wenye viti 30,000, ndio mfano anaoutaka kila chalii wa Arusha. Utumike. Mzazi auchochee ubishi: uwanja au madarasa? Ajizuie kutoa jibu la kiongozi wa dini. Kuna hoja za kweli upande wa uwanja, kazi za ujenzi, wageni watakaolala na kula mjini, na kuna hoja za kweli upande wa madarasa. Mtoto wa miaka minane anayeweza kusema hoja ya upande asioupenda amepiga hatua kuliko watu wazima wengi wa vijiwe vya kahawa.

Kuhusu viongozi, aanzwe na wa karibu. Mwenyekiti wa mtaa anaonekana, anapewa shikamoo, anagonga muhuri barua ya utambulisho, na alichaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Juu yake yuko diwani wa kata, kisha mbunge, kisha Rais. Meya wa jiji huchaguliwa na madiwani, hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Kwa mtoto hayo yanatosha. Vyama vingoje, vikianza mapema atavishabikia kama Simba na Yanga.

Chenye faida zaidi kuliko kukariri vyeo ni kumpeleka mkutanoni. Kijijini, mkutano mkuu unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na wenye kura ni wakazi wa miaka 18 na zaidi, lakini mtoto anayekaa kimya pembeni ya mama yake hafukuzwi na mtu. Asikie wananchi wanavyosomewa mapato na matumizi. Asikie pia wanavyolalamika wasiposomewa. Akiona mzee wa watu anasimama, anavua kofia na kuuliza hela za kivuko zimefika wapi, ameona kitu ambacho hakuna mchoro wa kitabuni utakaomwonesha.

Arusha inaupa mwongozo huu faida ambayo miji mingine haina. Historia ya kodi na ya siasa inatembelewa kwa miguu kwa asubuhi moja.

Safari ianzie Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya elimu ya viumbe. Lilijengwa kuanzia mwaka 1899, na wakazi wa Meru na Arusha walilazimishwa kulijenga. Miaka hiyo hiyo, 1898, utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba: rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Asiyekuwa na rupia alitakiwa kuzitafuta, na pa kuzipata palikuwa kwenye kazi za Wazungu. Mtoto aulizwe swali moja tu: walioilipa waliulizwa? Hawakuulizwa. Kodi za aina hiyo ziliendelea kwa sura mbalimbali, na babu aliye hai bado ana ya kusimulia kuhusu kodi ya kichwa, ile iliyoitwa baadaye kodi ya maendeleo, na jinsi wanaume walivyotoroka nyumbani alfajiri wakiwakimbia mgambo. Ilifutwa mwaka 2003. Babu apewe nafasi, hadithi hiyo huwa haisimuliwi bila vicheko, ingawa wakati ule hapakuwa na wa kucheka.

Kutoka Boma ni mwendo mfupi hadi Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na mnara wa Mwenge. Azimio lilitangazwa Februari 5, 1967. Mtoto hahitaji nadharia ya ujamaa. Asomewe masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni. Kwa mtoto masharti hayo yanaeleweka kirahisi ajabu. Kwa mwanasiasa yalikuwa mazito, na mwaka 1991 yalilegezwa kwa kile kilichoitwa Azimio la Zanzibar. Atauliza kama viongozi wa sasa wana nyumba za kupangisha. Mzazi ajibu anachokijua.

Hadithi yenye uzito kuliko zote, lakini, iko upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, Ngare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa Wameru kama 3,000 kwenye ardhi yao ili igawiwe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba zilichomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu. Wameru walikataa fidia. Walikusanyana, wakamchagua kijana wao Kirilo Japhet akawasemee, wakachanga fedha za nauli, na mwaka 1952 akafika New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili aliyetoka Bermuda na kufanya kazi Moshi. Azimio la kuwaunga mkono lilipita kwenye kamati, kisha likakosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Ardhi haikurudi wakati ule.

Mtoto mdogo atakasirika kwamba hawakushinda, na ni vizuri akasirike. Aoneshwe lakini mambo yote yaliyomo: watu walitoa fedha zao kwa hiari, wakajua zinakwenda wapi, wakamchagua wa kuwasemea, naye akarudi na kuwaeleza alichokutana nacho. Miaka miwili baadaye chama cha TANU kiliundwa, na kisa cha Wameru kilikuwa kimeshajulikana nchi nzima. Mtoto akilinganisha rupia tatu za Boma na nauli ya Kirilo atajua mwenyewe tofauti iko wapi, na mzazi hatakuwa na haja ya kumtafunia.

Yapo maswali ambayo mzazi hayatafuti ila yatakuja. La kwanza: "Kuna watu wanakula hela za kodi?" Ndiyo, wapo. Kumdanganya mtoto hapa ni kazi bure, kwani kwenye hiace ya Ngaramtoni atasikia yote. Aelezwe kwamba kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ambaye kazi yake ni kukagua fedha hizo zilivyotumika, na ripoti yake hufikishwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha hupelekwa bungeni Aprili. Aambiwe pia kwamba kukuta kosa hakumaanishi mkosaji ameadhibiwa.

La pili ni zito zaidi: nini kilitokea siku ya uchaguzi? Siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, maandamano yalizuka katika miji kadhaa, Arusha ikiwamo; watu walikufa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na Novemba ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Watoto waliona barabara tupu na wazazi wenye hofu, na wengine wameona video ambazo hawakupaswa kuziona. Kunyamaza hakuwasaidii. Wa miaka mitano anatakiwa kujua kwanza kwamba yuko salama na nani atakuwa naye. Maneno mengi ya nini. Wa miaka minane aulizwe ameona nini na amesikia nini, kabla ya kuambiwa lolote, maana mara nyingi anachokiogopa sicho anachokidhania mzazi. Wa miaka kumi na kuendelea anaweza kuelezwa kwamba watu walitofautiana kuhusu uchaguzi, wakatoka barabarani, wengine wakapoteza maisha, na bado nchi inabishana kuhusu nini kilitokea na nani wa kuwajibika. Mzazi mwenye msimamo autaje kuwa ni wake: "Mimi naona hivi, mjomba wako anaona vile." Mtoto amuheshimu mjomba hata hivyo. Na kama kuna msiba nyumbani au kwa jirani, hesabu zote za mwongozo huu ziwekwe kando.

Mwezi wa kuweka alama kwenye kalenda ni Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti Dodoma. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Ukigawa kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, ni kama 915,000 kwa kila mtu, kichanga kwa mzee, ingawa si zote zinatokana na kodi, nyingine ni mikopo na misaada. Hotuba ni ndefu na mtoto wa miaka sita atasinzia mapema. Mwenye miaka tisa au kumi achague kitu kimoja tu cha kukiwinda, soda, mafuta ya petroli ya bodaboda ya baba yake, au taulo za kike, asikilize kama kitatajwa, na aandike kodi imepanda, imeshuka au imeachwa. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Wiki ya kwanza ya Julai atumwe dukani au kituo cha mafuta akaulize bei, na akikuta imepanda ya kitu ambacho waziri hakukigusa, amuulize mwenye duka sababu.